Mama Alivuka Ziwa Zima

Mama yangu alikuwa mtu wa kuogopa maji. Sisemi kuogopa kidogo kama wewe na mimi, nasema kuogopa hasa. Mvua za masika zikijaza kijito kilichopita chini ya shamba letu pale kijijini Daudi, alikuwa anasimama upande huu hata nusu siku, kikapu kichwani, akingoja yapungue, na ukijitia kumshika mkono umvushe anakuzaba kofi. Alisema maji yana wenyewe. Padri alimkanya juu ya maneno hayo, akaitikia ndiyo baba, ndiyo baba, akatoka kanisani akazunguka njia ndefu ya juu ili asipite kwenye daraja la miti. Nyumbani kwetu Jumapili tulikuwa watu wa padri, siku nyingine tulikuwa watu wa bibi zetu, na hatukuona taabu yoyote.

Huyo ndiye aliyepanda meli pale Mwanza akavuka ziwa zima mpaka Kampala kumfuata dada yangu. Halafu, akiisha kuvuka maji yote yale, akashindwa na hatua chache za nchi kavu. Mpaka leo nikiwaza hilo nashikwa na hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Dada ndiye alikuwa wa kwanza kuzaliwa na mimi kitindamimba. Baba alitutoka mapema, kwa hiyo dada alikuwa kama mume wa nyumba: yeye alilima, yeye aliuza mbaazi, yeye aligombana na wenye ng'ombe wakiingia kwenye mahindi. Mashamba ya ngano ya serikali yalipofunguliwa kule chini Hanang, aliteremka kutafuta kibarua, akapata kazi ya kupika kwenye jiko la wafanyakazi. Nilipomaliza darasa la saba nikamfuata. Mimi waliniweka kwenye kushona magunia wakati wa mavuno. Sindano ile ya gunia ilinitoboa vidole mpaka nikazoea, na vumbi la ngano, wee acha tu, tulikuwa tunakohoa mavuno mazima kombaini zikipita huku na huku.

Shemeji, aliyekuja kumwoa dada, alikuwa fundi kwenye karakana ya shamba. Alikuwa Mganda, alikimbia kwao wakati kulikuwa kubaya kwa vita, akaja kuangukia huku kwetu kwenye upepo. Nilidhani mama atamkataa. Kumbe siku alipopanda Daudi kujitambulisha aliinama chini kabisa, akatoa shikamoo mpaka vijana wa jirani wakaona haya, kisha akachukua jembe la mama lililolegea mpini akalikaza bila kuambiwa. Mama akasema, "Huyu amelelewa." Ikaisha. Vita vilipokwisha na kwao kukaanza kukalika, shemeji akarudi Kampala, na dada akaenda naye. Mama alilia siku ile, lakini kilikuwa kilio cha kawaida cha kumsindikiza binti.

Wakajaliwa mtoto wa kiume. Tulimwona kwenye picha tu, amekaa kwenye kiti kikubwa, miguu haifiki chini, ana paji la uso la baba yetu. Mama aliibandika picha ile ukutani karibu na Bikira Maria na kila mgeni alionyeshwa kwanza mtoto, ndipo Bikira Maria.

Habari ililetwa na dereva mmoja wa lori aliyekuwa akijuana na shemeji tangu karakana. Alinikuta kambini nikifua, akakaa juu ya ndoo akikunja na kukunjua kofia yake mpaka nikamwuliza nani amekufa. Mtoto alikuwa amefariki kwa homa. Wameshamzika. Na dada ameagiza kwamba hali yake si nzuri, nyumba ile haikaliki, anataka kuja nyumbani apumzike kwa mama.

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana asiyetoka kwetu atatuona wanyama. Zamani hizo mwanamke akifiwa na mtoto alikuwa anakaa pembeni. Wenyewe tunasema yuko metimani. Hashikani mikono na mtu, haingii nyumba ya jirani, hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, havuki mto kwenda upande wa wengine, na hata ng'ombe wake hawachanganywi na wa jirani. Haikuwa chuki. Watu walimletea chakula, wakakiweka njiani, wakampa pole kwa sauti kutoka mbali. Waliogopa tu kwamba kifo kilichochukua mtoto bado kimemkalia, na akimgusa mwingine kitahama. Muda ukitimia ananyolewa, anaoshwa, anapakwa mafuta ya kondoo, anavaa nguo nyingine, na wa kwanza kumkumbatia ni mama yake mzazi. Baada ya hapo ni sherehe.

Sasa mama alikuwa na binti aliyefiwa, yuko ng'ambo ya ziwa, na anataka kuja. Akija vile vile alivyo, ukoo mzima utatengwa pamoja naye. Wajukuu wa kaka yake mama hawatachota maji. Na majirani walikuja wakasema waziwazi, kwa heshima, kwamba wanampa pole lakini wanaomba asije kabla ya kutengenezwa. Mama aliwasikiliza akiwa amekaa kwenye gogo. Walipoondoka aliniambia, "Kama yeye haruhusiwi kuvuka maji, basi nitavuka mimi."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikidhani ni uchungu unaongea.

Akaenda kwa wazee kuuliza kama mambo yale yanaweza kufanyiwa huko huko ugenini. Wakashauriana, wakasema yanaweza, mradi afanye mama mwenyewe. Akakusanya vitu vyake: kibuyu kidogo cha mafuta ya kondoo, wembe, kitenge kipya na kipande cha ngozi. Asubuhi ya kuondoka alishuka kwenye kijito, akachuma majani mabichi pembeni yake, akayafunga kwenye upindo wa shuka. Kwetu ukishika majani mkononi unaomba amani, hata adui yako hawezi kukupiga.

Lori la ngano lilitufikisha Singida na kutoka pale tukapata basi la Mwanza. Mama hakulalamika hata mara moja. Yeye aliyekuwa akilalamika hata kuku wakilia! Bandarini ndipo aliponishika mkono kwa nguvu, maana meli ile ilikuwa inabeba mabehewa ya treni, unayaona yanasukumwa yanaingia tumboni mwake moja baada ya jingine.

"Treni itatembea ndani ya maji?" akaniuliza.

"Hapana mama, imebebwa."

"Na anayeibeba, nani anambeba yeye?"

Tulikaa kwenye benchi juu, mama akaligeuzia ziwa mgongo, akawa anatazama ukuta wa chuma. Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa Mwanza, mcheshi, mnene, anajua meli ile kama jikoni kwake. "Bibi, geuka uone!" akamwambia. "Hii ni safari fupi tu, asubuhi tumefika. Ukirudi kwenu utasema umeona nini, ukuta?" Nikamtafsiria mama. Mama akajibu kwamba mwambie nimekuja kumwona mwanangu, sikuja kuona maji. Yule mama akaondoka, akarudi na kutuletea sahani ya ugali na samaki. Lo! Kwetu samaki wa nini, tunamwona ni mdudu wa majini tu. Mama aliutoa ugali pembeni, ule ambao haukuguswa na mchuzi, akala kwa adabu, akashukuru kwa Kiswahili chake cha maneno matatu.

Kabla giza halijaingia alisimama, akaenda mpaka kwenye kingo akiwa amefumba macho, mimi nimemshika kiuno, akadondosha nusu ya yale majani ziwani. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Aliporudi kukaa aliniambia maneno ambayo nayasikia mpaka kesho. "Tukifika, wewe utatangulia. Mwambie dada yako asimame mbali, asinishike, mpaka nimtengeneze asubuhi inayofuata. Mwambie kwa upole. Mwambie ni usiku mmoja tu, kisha nitamshika mpaka achoke."

"Nitamwambia," nikasema.

Tulifika asubuhi. Hewa ya pale ilikuwa nzito, ina harufu ya matope na ndizi zilizoiva. Tulipanga foleni ya kukaguliwa. Mama alipita, hakuwa na kitu ila fimbo na shuka lake. Mimi ndiye niliyebeba kikapu. Afisa akatoa kibuyu, akakifungua, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. Mafuta ya kondoo ya siku nyingi njiani, unaweza kufikiri. Akauliza ni nini. Nikasema ni mafuta. Ya nini? Ya kumpaka mtu. Mgonjwa? Hapana. Dawa basi? Hapana, si dawa. Akamwita mwenzake, naye akanusa, wakaanza kubishana kwa Kiganda. Nikawaambia jamani, kichukueni, niacheni nipite! Wakasema nisubiri mkubwa wao. Mama alikuwa amesimama mbele kidogo akiningoja, lakini watu waliokuwa wakitoka na mizigo yao walimsukuma, hatua kwa hatua, mpaka akajikuta nje ya geti peke yake.

Nikamwona dada, maana yule dereva alikuwa amemfikishia habari kwamba tunakuja. Alikuwa amekonda, amevaa gomesi, lile gauni refu la Kiganda, ya njano, iliyompwaya mabegani. Alimwona mama. Akaacha kipochi chake kikaanguka chini, akaja mbio na mikono yote miwili wazi, akisema "Mama, mama, mama" kama mtoto wa kutambaa.

Mama akarudi nyuma.

Akarudi hatua moja, kisha nyingine, akaficha mikono ndani ya shuka. Niliona mgongo wake tu, sikuona uso. Uso wa dada niliuona. Alisimama pale pale na mikono bado wazi, watu wakimpita kushoto na kulia, kisha akaishusha polepole, akageuka kuokota kipochi. Nilipiga kelele kutoka kwenye ile meza, "Dada, ngoja! Ni usiku mmoja tu!" Kelele za bandari, nani angesikia?

Waliponiachia nikaenda mbio, pumzi zimenipaa, nikaanza kumweleza. Akanikatiza.

"Najua, mdogo wangu. Mimi nimezaliwa wapi? Najua kila kitu."

"Sasa mbona..."

"Nilidhani hayafiki huku. Nilidhani amekuja kwa sababu hayafiki huku."

Nyumba ya shemeji ilikuwa mlimani, ina migomba nyuma na kibaraza mbele. Mama hakuingia ndani, alikaa kibarazani kwenye mkeka, na majirani wa pale wakawa wanapita mara mbilimbili kumtazama. Shemeji, maskini, ndiye aliyejitahidi kuliko wote. Alimwambia mkewe kwamba hata kwao mwanamume na mama mkwe wake hawagusani, hawakai hata kiti kimoja, na hakuna anayesema wamechukiana. "Ni heshima tu," akasema. "Vumilia kidogo."

Dada akamjibu, "Wewe ni mkwe. Mimi ni mtoto wake."

Kesho yake mapema mama aliandaa vitu vyake kwenye mkeka. Kibuyu, ambacho hatimaye walinirudishia, wembe, beseni la maji, kitenge kimekunjwa vizuri. Alikuwa na haraka na furaha ya namna fulani, nakwambia, alikuwa kama mtu anayeandaa harusi. Akaniambia nimwite dada. Dada akatoka, akasimama mlangoni, akavitazama vile vitu kimoja kimoja.

"Mama, unataka kuniosha nini?" aliuliza kwa lugha yetu. Nilikuwa sijamsikia akiisema tangu tufike. "Mwanangu alikuwa na homa. Nilimshika mpaka akapoa mikononi mwangu. Hakuwa uchafu."

"Sijasema ni uchafu," mama akasema.

"Hukusema. Ulirudi nyuma."

Dada aliingia ndani akafunga mlango, si kwa nguvu, aliufunga kama unavyofunga mlango mtoto akiwa amelala. Mama alikaa pale na beseni mpaka maji yakapata joto la jua. Nilitaka kuwapiga wote wawili. Nilitaka kuwagonganisha vichwa kama mbuzi. Badala yake nilimwaga maji kwenye migomba.

Tulikaa siku chache zaidi zisizo na maana. Dada alipika, akatutengea chakula chetu kibarazani, matoke na maharage, kwa heshima zote, akakiweka chini mbali na mama kabla mama hajasogea. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Aliushika ule mwiko wa kutogusana kabisa, kuliko hata wazee wa Daudi. Hakumkaribia mama tena hata kwa urefu wa fimbo.

Siku ya kuondoka alitusindikiza. Tukiwa bandarini mama alinivuta pembeni. "Mwambie twende wote. Hivyo hivyo alivyo. Tutakaa pembeni wawili, mimi na yeye, nitajenga kibanda juu ya shamba, majirani waseme watakavyo."

Nikaenda nikamwambia. Nilifurahi, nikijua imekwisha, tunaondoka na dada yangu. Dada alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hakusema hivyo siku ile?" akauliza.

"Dada, tafadhali."

"Mwambie asante. Mwambie nimeshazoea huku."

Mama alikuwa anatutazama. Aliona kichwa cha dada kilivyotikisika. Akafungua upindo wa shuka, akatoa yale majani yaliyobaki, yamekauka sasa, yamekuwa kama nyasi za kuezekea, akayashika mkononi akaunyoosha mkono kuelekea kwa dada. Dada aliyaona, na maana yake anaijua. Akasimama kidogo. Kisha akainua mkono wake akatupungia, kama anavyopungiwa mtu yeyote anayesafiri, akaondoka.

Kwenye meli mama hakutazama tena ukuta. Alikaa amelielekea ziwa, macho wazi kabisa, mawimbi yakipanda yakishuka, na hakuonyesha woga hata chembe. Nilitamani aogope. Tulikuwa tumeenda mbali ndipo aliposema, "Mimi sikurudi nyuma. Miguu ndiyo iliyorudi."

Miaka ikaenda. Nilirudi kwenye magunia yangu, baadaye nikaolewa hapo Endasak. Dada alikuwa akituma salamu na sukari kwa madereva, na kitenge kila Krismasi, hakukosa. Kuja, hakuja. Mama alikuwa anauliza kila lori, mpaka mashamba ya ngano yenyewe yakaanza kufifia, karakana ikafungwa, kombaini zikabaki zimeota nyasi kwenye magurudumu, na malori ya kuulizia yakaisha.

Na ile desturi nayo ikafifia. Hakuna aliyetangaza. Vijana walikuwa wanafanya kazi Arusha, wanarudi kuzika, wanakumbatiana wanaondoka, nani angewakataza? Lakini mara ya kwanza kabisa pale kwetu haikuwa kwa vijana. Binti wa jirani ng'ambo ya kijito alifiwa na mtoto mchanga, masika, maji yamejaa. Nilikuwa nimekuja kumsalimia mama. Alisikia habari, akachukua fimbo, akateremka. Nikamfuata nikipiga kelele. Aliingia majini mpaka magotini, hakutaka mkono wangu, akatokea upande wa pili, akaingia nyumba ile ya msiba na kumkumbatia yule binti mbele ya watu wote. Wazee walitazamana. Hakuna aliyemzuia. Kuanzia hapo wengine nao wakaanza.

Mama alipofariki nilimpigia dada simu. Alisema anakuja, akaja kwa basi, nywele zimeshakuwa nyeupe. Hakulia kaburini. Tuliporudi nyumbani wanawake wa Daudi walimzunguka, mmoja baada ya mwingine wakamkumbatia, wakamlaza kichwa begani, na wengine walikuwa wale wale waliokuja kumwambia mama kwamba asije. Mikono ya dada ilibaki chini. Alipopata nafasi alinivuta nyuma ya jiko.

"Hawa wameanza lini kukumbatia mfiwa?"

"Siku nyingi kidogo."

"Nani alianza?"

Ningeweza kudanganya. Ningeweza kusema padri mpya, ningesema vijana. Lakini alikuwa ananitazama na lile paji la uso la baba.

"Mama," nikasema. Nikamweleza habari ya binti wa jirani.

"Alivuka kile kijito?"

"Alivuka. Kimejaa."

"Akamshika?"

"Alimshika sana, dada. Mpaka tukamtoa sisi."

Dada alitazama kule chini, kijito hakionekani kutoka jikoni lakini kinasikika.

"Kumbe aliweza," akasema.

Akakaa chini kwenye majivu na gomesi yake nzuri, akaanza kulia kwa sauti kubwa, akimwita mama kama alivyomwita siku ile bandarini. Nikakaa naye. Tukakaa pale mpaka walipokuja kutuita kula.